Darubini Niliyoichagua kwa Ubingwa

Nilitoka Tabora kwa treni, nikapitia Lusaka, Johannesburg na Athene, na kila nilikolala niliongeza chumvi kwenye hadithi zangu za uwindaji. Kufika Stockholm, nikiwa na miaka arobaini na ushee, nilikuwa tayari mwindaji mstaafu, muuaji wa nyati wa pori la Ugalla. Ukweli ni kwamba bunduki nilikuwa nimeziona kwa walinzi wa benki tu.

Balthazar, Mkongo tuliyesafisha naye mabasi Sundbyberg, pembeni mwa jiji, aliniamini. Alikuwa amenunua bunduki ya zamani, ya kukokiwa kwa mkono wa chuma chini ya kifyatulio, na akaniombea nafasi katika kikundi chake cha wawindaji Waswidi. Niliitamani mno nafasi ile. Ningenusa pori tena.

Dukani, tulikokwenda kutafuta kifaa cha kulengea cha bunduki hiyo, muuzaji alitushauri vilengeo vidogo vya chuma.

"Kaka mukubwa, wewe ndiye fundi," Balthazar akaniambia. "Tuchukue gani?"

"Ile darubini kubwa kabisa," nikasema. "Mnyama lazima umwone kope."

Kwenye uwanja wa shabaha, wawindaji walinipa heshima ya kufyatua kwanza. Nikagandamiza jicho kwenye darubini kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Nikafyatua. Bunduki ikarudi nyuma kwa kishindo, darubini ikanichana nyusi, damu mpaka kidevuni.

Mzee wa kikundi akanipa kitambaa. Akalitazama duara la jeraha juu ya jicho langu, akacheka mpaka akakaa chini.

"Balthazar," akasema, "alama hii huipata mtu siku yake ya kwanza kushika bunduki."

Balthazar akanigeukia taratibu.

"Kaka mukubwa, na wale nyati wote wa Ugalla?"