Utepe Mwekundu Kitandani

Tangu jana sijatulia. Mimi ni msaidizi wa mazoezi ya viungo wodini, kazi niliyojifundisha kwa kitabu. Kwa hofu ya kukosea, hufunga utepe mwekundu kitandani, upande wa mguu uliopasuliwa.

Mzee Saidi, kuli wa bandarini, alipasuliwa goti. Lisipokunjwa mapema lingekakamaa, na asingebeba tena gunia la korosho. Siku tano nilimkunja goti juu ya shuka bila kumfunua, maana ni mtu wa haya. Hakuguna hata mara moja, nami nikajisifu kwa mikono laini.

Jana daktari alimfunua. Goti lenye mshono lilikuwa gumu kama gogo, tena upande usio na utepe.

“Mzee, uligeuka kitandani?” nikamuuliza.

“Siku ile ile ya kupasuliwa, mwanangu. Mlinilaza miguu ikielekea kibla, nikahamishia mto miguuni, nikageuka.”

“Mbona hukusema nakunja mguu ulio mzima?”

“Nilidhani unaanza na huo, ili mwenzake aone ajifunze!”

Wodi nzima ilicheka, isipokuwa daktari. Aliufungua utepe wangu, akaufunga kwenye goti lenyewe.

“Haya, kunja.”

Nikakunja. Safari hii Mzee Saidi alipiga yowe.