Nilimpangia mama mapumziko Tanga, kijiji kikasema tunafuata jini

Wakuu, salaam kwenu wote.

Mnaopenda chai, uzi huu sio wenu. Mimi leo nimeleta maji ya chumvi. Nayoyasema nimeyaona kwa macho yangu, na kama kuna neno la uongo humu, basi duka langu lifungwe kesho asubuhi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika bado tunasali nao.

Mimi ni mtu wa Mara. Naishi Bunda mjini, nina duka la spea za pikipiki. Kwetu kabisa ni Buswahili, wilaya ya Butiama, na ndiko anakoishi mama. Baba alishatangulia. Mama ni mkulima wa muhogo na mtama, na tangu nimjue sijawahi kumwona amepumzika. Ukimkuta amekaa, ujue kuna kitu anachambua.

Sasa mwaka huu duka lilikaa vizuri kidogo. Nikasema, huyu mama kabla magoti hayajamgomea kabisa, nimpeleke mahali akakae tu. Asilime, asipike, asifue. Akae.

Hapa nisimame kidogo niwaeleweshe.

Huku kwetu neno likizo lina maana moja tu: unatoka mjini unarudi kijijini kushika jembe. Mwalimu akienda likizo, analima. Askari akienda likizo, analima. Ukisema unakwenda likizo mahali ambapo ukoo wenu hauna shamba, watu wanakuangalia kwa huruma, wanajua umeachishwa kazi.

Basi nikamuuliza, "Mama, nikikupa likizo unataka kwenda wapi?"

Hakufikiria hata kidogo. "Nataka kuona bahari."

Kumbe ana kesi yake ya siku nyingi. Utotoni alisomaga kidogo kwa masista kule Nyegina, wakamfundisha kwamba maji ya bahari yana chumvi. Alipoolewa Buswahili akawaambia wenzake wa jumuiya ya kanisani. Wakamcheka, na hawajamaliza kucheka mpaka leo. Maji yote hayo, nani aliyatia chumvi? Alinunua magunia mangapi? Kila sato akiletwa kutoka Musoma, lazima mmoja aropoke, "Mama Masatu, huyu ni wa ziwani, tumtie chumvi. Wa kwako wa baharini anakuja amekolea."

"Nikifika nitachota kwenye chupa niwaletee," mama akaniambia. "Waonje, wafunge midomo."

Wakuu, hiyo ndiyo ilikuwa plan nzima. Mama akae, achote maji, arudi ashinde kesi.

Nikaanza kupanga. Zanzibar niliona hapana, mama hapandi chombo cha majini hata umwonyeshe bunduki. Dar nayo hapana, ile ni foleni, sio mapumziko. Nikachagua Tanga. Jiji limetulia, bahari ipo, hoteli za ufukweni za saizi yetu zipo. Nikapiga simu moja, akapokea dada wa mapokezi, sauti yake tu ilinipumzisha. Akaniuliza mama anapenda kula nini, na godoro analotaka ni gumu au laini. Huku kwetu ukiulizia chumba, wanakuuliza unakaa lisaa au unalala.

Nikajiona mjanja. Kosa ni kwamba nilimtajia mama jina la mji, na mama kwa furaha yake akalitangaza kwenye jumuiya, "Mwanangu ananipeleka Tanga!"

Aisee.

Kwenu nyie Tanga ni machungwa na upepo wa bahari. Kwetu bara ukisema "fulani ameenda Pwani", hiyo ni sentensi iliyokamilika. Mtu haendagi Pwani kuogelea. Anakwenda kwa mganga, anarudi na jini limefungwa kwenye kichupa, linamzalia hela. Watu wa Tanga mnisamehe, sio mimi, ni hawa washamba wenzangu.

Na mimi nina duka linalotembea. Basi wakakaa wakapiga hesabu yao: duka, jumlisha Tanga, jumlisha mama mzee. Jibu likaja kwamba jini limedai kafara, na kafara ni mama yangu.

Wa kwanza kunipigia alikuwa shangazi, yule anayekaa Musoma. Hata salamu hakunipa.

"Masatu, kama duka limekushinda si useme? Kwa nini mama yako?"

"Shangazi, nampeleka akapumzike."

"Kupumzika! Kama ni maji, si umlete Musoma? Ziwa lipo, beach ipo, sato wapo. Kuna nini Tanga ambacho hapa hakipo?"

Nikamwambia, chumvi. Akanikatia simu.

Hapo Bunda nako moto ulishawaka. Kuna dogo bodaboda mteja wangu, hajawahi kuvuka Lamadi, lakini akasimama mbele ya kaunta yangu akanieleza masharti ya majini ya Tanga kwa urefu. Eti jini halitaki pilipili ndani ya nyumba. Eti Ijumaa usifagie. Nilimuuliza amejulia wapi, akajibu, "Hivi vitu vinajulikana tu, bro." Mtu anakuja kununua plagi, anakuachia elimu ya majini bure.

Yote hayo nilikuwa nacheka. Lililonitoa kicheko ni la sanamu.

Ilikuwa mwezi wa rozari. Kwetu mwezi huo sanamu ya Bikira Maria inazunguka nyumba kwa nyumba, jumuiya inaisindikiza kwa nyimbo, inalala kwako, kesho yake inahamia kwa jirani. Mama anaisubirigi mwaka mzima. Anasiriba ukuta upya, anafua kitambaa cheupe cha kutandika mezani, anachemsha michembe ya viazi na karanga za wageni.

Mwenyekiti wa jumuiya, nimwite Mzee Mafuru, ndiye anayeibeba. Siku ya zamu ya mama aliitoa kwa jirani wa kushoto, akapita nayo mbele ya mlango wetu, watu wanaimba nyuma yake, akaipeleka kwa jirani wa kulia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Kitambaa mkononi.

Alinipigia jioni ile. Hakulia. Alisema neno moja tu, "Imepita."

"Nini imepita, mama?"

"Sanamu. Imepita."

Halafu akasema bahari hataki tena. Niwarudishie watu wa hoteli maneno yao, yeye anabaki na watu wake. Kwamba mtu akizeeka anahitaji wa kumsalia, na bahari haitakuja kumzika.

Wakuu, iliniuma. Mwanamke amezika wafu wa kijiji chote, amekesha na wagonjwa wao, amewalea watoto wao mama zao wakiwa shambani, halafu wanamruka na Bikira Maria kama wanaruka dimbwi. Kwa sababu ya nini? Kwa sababu mwanawe kataka akae kwenye kiti aangalie maji!

Kesho yake nilifunga duka, nikawasha pikipiki mpaka Buswahili. Nilitaka kwenda kwa padri moja kwa moja. Mama akanikatalia. "Aibu yangu usiifikishe altareni." Akaingia jikoni, mimi nikabaki uani naosha pikipiki kwa hasira mpaka rangi ikataka kutoka.

Mara namwona nani? Mzee Mafuru. Anakuja kwa kupitia migombani nyuma, sio njiani kama binadamu.

Akanisalimia kwa upole mwingi. Akaangalia huku, akaangalia kule.

"Masatu, nasikia mnasafiri."

"Tulikuwa tusafiri. Mama kakataa."

Akashtuka kwelikweli. "Kakataa! Kwa nini tena?"

"Si mmemruka na sanamu?"

Akakohoa. Akakuna kichwa. "Sasa hayo ya jumuiya ni ya jumuiya. Mimi hapa nimekuja kama baba yako." Akasogea, sauti ikashuka. "Ukifika huko, niulizie na mimi. Ng'ombe zangu zinaharibu mimba. Mashine yangu ya kusaga nayo wateja wamehamia kwa mwingine. Sitaki makubwa bhana. Hata tone."

Akatoa mfukoni kichupa kitupu cha dawa ya kikohozi. Kimeoshwa vizuri, kimefungwa kwenye nailoni.

Naapa wakuu! Mtu yule yule! Mikono ile ile iliyobeba sanamu ikapita!

Kabla sijafungua mdomo, mlango wa jiko ukafunguka. Mama akatoka na mwiko mkononi, unga bado unadondoka. Alikuwa amesikia yote. Mzee Mafuru akataka kurudisha kichupa mfukoni, lakini mfuko ukawa hauonekani.

Mama akanyoosha mkono. "Lete, mwenyekiti. Nitakujazia mwenyewe."

Akakipokea, akakitia kwenye mfundo wa kanga. Akanigeukia mimi.

"Tunaondoka lini?"

Wiki ile ile tukaondoka. Basi mpaka Arusha, tukalala, kesho yake Tanga. Sitawachosha na habari za hoteli. Ilikuwa ya kawaida, safi, ugali wao laini kupita kiasi. Dada wa mapokezi alimwita mama "bibi yangu" mpaka mama akataka kuja naye.

Siku ya kwanza mama alikalia kiti cha ufukweni akawatazama wazungu wamelala juani, akauliza kama ni wagonjwa. Nikamwambia wanapumzika. Akasema, "Kwetu wangekuwa dagaa, jioni tungewaanua."

Halafu akavua kandambili, akatembea mpaka maji yakafika vifundoni. Akainama, akachota kwa kiganja, akaonja. Akaonja tena. Akaanza kucheka peke yake pale, mama yangu, ambaye sijui mara ya mwisho alicheka lini bila kazi mkononi.

"Masista hawakunidanganya," akasema.

Siku zote zilizobaki alikaa. Tu. Mikono imelala mapajani. Nilimwangalia nikasema hata wakiniita mchawi mpaka nife, sawa.

Siku ya kuondoka akajaza chupa moja kubwa ya wenzake. Na kile kichupa cha kikohozi.

Kurudi Buswahili tukakuta tangazo: sanamu inakuja kufungia mwezi wa rozari kwa Mama Masatu. Mzee Mafuru ametangaza mwenyewe. Eti ratiba ilikuwa imekosewa. Ratiba! Nyumba haijahama, mtaa haujahama, ratiba ndiyo ilipotea njia.

Jioni ile sijawahi kuona watu wengi vile kwetu. Wengine sio Wakatoliki kabisa, wengine najua hawajawahi kushika rozari, wamekuja kuona mama aliyerudi kutoka kwa jini akiwa mzima. Wanaimba, Mzee Mafuru yuko mbele, sanamu ameikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

Wakafika mlangoni. Mama amesimama katikati ya mlango, hasogei. Mkono mmoja kichupa, mkono mwingine kijiko.

Nyimbo zikafa moja moja.

"Mwenyekiti," mama akasema, kwa sauti ya kutosha mpaka kwa jirani wa kulia, "ule mzigo ulioniagiza Pwani ndio huu. Ulisema hata tone."

Mkewe Mafuru nyuma akasema, "Uliagiza nini?"

Mama akajaza kijiko mpaka pomoni, akakipeleka mdomoni kwa mzee. Angekikwepaje? Mikono yote miwili imemshika Bikira Maria. Na mnajua alifanya nini? Alifumba macho. Mtu mzima alifumba macho akafungua mdomo, bado ana matumaini.

Ikamwingia. Uso ukajikunja kama anameza shubiri. Kutema hawezi, sanamu iko chini ya kidevu chake. Akameza, machozi yakamtoka.

"Ni nini?" mama akauliza.

"Chumvi," akasema kwa kunong'ona.

"Sema wenzako wasikie."

"Ni chumvi! Ni maji ya chumvi tu!"

Wale wamama waliomcheka miaka yote wakaangaliana. Mmoja akasogea akaomba kijiko, akaonja, akatema pembeni. "Yesu na Maria! Kweli yametiwa chumvi!" Nikawatolea ile chupa kubwa, wakapanga foleni wenyewe, wanaonja, wanatema, wanacheka mpaka wanashikana. Waliobaki hawacheki ni mwenyekiti na mkewe.

Mama akatoa kitambaa cheupe, akakitandika mezani, akakinyoosha taratibu kwa viganja vyake. Ndipo akageuka mlangoni.

"Haya, mlete aingie. Leo asipite."

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukitaka kumpumzisha mzazi, mpumzishe kweli, usisubiri kijiji kikuelewe, hakitakuelewa. Na wanaokutangaza kwa sauti kubwa kwamba umekwenda kwa mganga, wachunguze mifukoni, hutakosa kichupa.

Mzee Mafuru bado ni mwenyekiti, tunasalimiana. Juzi kaniuliza, kwa sauti ya chini vile vile, kama ile chumvi ng'ombe wakinywa ina shida.

Nyie mlioko mikoa mingine, mlishawahi kupanga safari ya starehe ikageuzwa kesi ya ukoo? Na kwenu mtu akisema "naenda Pwani" anaeleweka vipi? Shukeni na yenu hapa chini. Matusi pia napokea, hasa kutoka Buswahili.