Sindano ya Kabureta Haishikwi kwa Plaizi

Siku ya kwanza nilipoingia karakana ya Mbeya nilivaa sketi ya shule, kwa sababu sikuwa na nguo nyingine nzito, na baridi ya Juni kule inauma masikio. Fundi Mkuu, mzee mfupi wa Kinyakyusa asiyevua koti la mvua hata jua likiwaka, alinitazama toka viatu hadi kichwa.

"Umetumwa na nani kuulizia gari?"

"Shikamoo. Nimekuja kujifunza kazi."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Basi kuhesabu unajua. Hesabu hapa." Akaniwekea kiganjani kijiti cha shaba chembamba kuliko njiti ya kiberiti, kimechongoka upande mmoja. Kwenye kichwa chake kulikuwa na mikato midogo iliyokizunguka kama pete. Nikahesabu mitano. Akasema, "Wanaume wawili wamehesabu minne asubuhi hii. Vaa ovaroli."

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Kwa desturi, habari za namna hii huandikwa na wazee wenye mvi na pensheni. Mimi sina mvi wala pensheni. Nimeacha kazi nina miaka ishirini na saba, na mwanangu Atu hajaanza kutembea. Naandika sasa kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitaanza kuwasamehe watu ambao hawajaomba msamaha. Nanyi vijana mnaotaka kushika spana, hasa wasichana, kaeni niwasimulie.

Kile kijiti ndicho sindano ya kabureta ya pikipiki. Kabureta ni chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla injini haijaila. Ndani yake kuna slaidi, kopo dogo linalopanda ukizungusha mpini wa mafuta kwenye usukani, na sindano inaning'inia katikati ya slaidi, ncha yake imezama kwenye tundu la petroli. Slaidi ikipanda, sindano inapanda nayo na petroli inapita. Inashikiliwa na klipu, kipande cha waya bapa kinachoingia kwenye mkato mmojawapo kati ya ile mitano. Klipu ikikaa mkato wa juu, sindano inazama na petroli inapungua. Ukiihamishia mkato wa chini, sindano inainuka, petroli inaongezeka. Kazi yenyewe ni hiyo tu, na hiyo tu imevunja mguu wa mtu.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza: sindano haishikwi kwa plaizi. Unailaza juu ya kitambaa safi, unasukuma klipu kwa ukucha wa kidole gumba mpaka isikike "tik". Plaizi ina meno, na shaba ni laini. "Ukiing'ata," alisema, "itakuwa na kovu, nalo kovu halifutiki." Kucha zangu zilivunjika mwezi mzima.

Sheria ya pili niliipata kwa aibu. Mbeya ni juu na hewa yake nyepesi, kwa hiyo pikipiki zote tulizifunga mkato wa pili toka juu, petroli isizidi hewa. Siku moja nikaifunga hivyo pikipiki ya bwana shamba mmoja. Ikarudi baada ya wiki inagonga kama inapondwa na nyundo. Fundi Mkuu akafungua plagi, akanionyesha ncha yake: nyeupe kama mfupa uliochomwa.

"Alikwenda wapi huyu?"

"Sijui."

"Alikwenda Usangu. Bondeni, kwenye joto na hewa nzito. Umempa petroli ya mlimani. Hizi pikipiki oili yake imo ndani ya petroli, mwanangu. Petroli ikipungua, oili nayo inapungua, pistoni inanata kwenye silinda. Hukumwuliza anakwenda wapi."

"Sikujua kama inahusu."

"Inahusu kuliko jina lake. Jina halipandi mlima wala halishuki."

Toka siku hiyo, kabla ya kugusa sindano, niliuliza mtu anakwenda wapi, nikaandika jibu kwenye kadi ya kazi, na chini yake namba ya mkato.

Nilipoolewa nikahamia Iringa, kwenye karakana iliyokuwa chini kule barabara kuu. Sitaitaja jina. Meneja alikuwa mtu wa ofisini, mpole, mwoga wa grisi. Mwenye amri hasa alikuwa Msimamizi, baba mrefu aliyetembea na plaizi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali kama wengine wanavyotembea na kitana. Kila kitu kwake kilikuwa plaizi: nati, waya, klipu, hata chupa za soda.

Nilijifungua Atu, nikarudi kazini. Jirani alikuwa akimleta saa nne asubuhi ninyonyeshe, nami nakaa robo saa nyuma ya stoo. Msimamizi hakukosa neno.

"Ng'ombe wa maziwa keshakwenda zizini?"

"Nimekwenda, na nitarudi kukurekebishia ulichoharibu."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka.

Ule mwaka petroli ikawa adimu na bei ikapanda. Msimamizi akatangaza kwamba kuanzia sasa sindano zote zifungwe mkato wa kwanza, tuokoe mafuta ya taifa. Nikamwambia kwa anayezunguka mjini labda, lakini anayeshuka bondeni Pawaga, kwenye joto, utamuua. Akasema, "Mama Atu, wewe ni fundi au mwanasiasa?"

Alhamisi akaja Bwana Mifugo, kijana wa Kihehe mwenye adabu, akanisalimia kikwao.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Unakwenda wapi?"

"Kesho nashuka Pawaga. Nina chanjo za ng'ombe, nimezifunga na barafu."

Nikamfungia mkato wa tatu, nikaandika kwenye kadi: Pawaga, tatu. Pikipiki ikalala karakana. Ijumaa saa nne nikaenda kunyonyesha. Niliporudi, pikipiki ilikuwa imeshaondoka.

Habari zilifika Jumamosi. Pistoni ilinata akiwa mwendo wa kasi, gurudumu la nyuma likakwama ghafla, akarushwa. Mguu ulivunjika sehemu mbili. Wafugaji walimbeba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Chanjo zote ziliharibika.

Jumatatu pikipiki ilikuwa katikati ya karakana, na Meneja mbele yake ameshika barua iliyokwisha kupigwa chapa. Ilikuwa barua yangu ya kufukuzwa kwa uzembe. Ukifukuzwa kwa uzembe hakuna karakana itakayokupokea tena, hata ya baiskeli.

"Ndugu Meneja," Msimamizi akasema, "huyu akili yake iko kwenye kunyonyesha. Kaandika tatu, kafunga moja."

Atu, aliyeletwa na jirani, alikuwa mgongoni, analia. Nikasema, "Fungua kabureta mbele ya watu wote."

Meneja hakuthubutu. Akafungua fundi mwingine. Klipu ilikuwa mkato wa kwanza.

"Mnaona?" Msimamizi akasema.

"Naona," nikasema. "Sasa Ndugu Meneja, isogeze hiyo sindano kwenye mwanga. Tazama pale kwenye klipu. Unaona nini?"

Meneja akavaa miwani. "Mikwaruzo. Kama meno."

"Ni meno ya plaizi. Mimi klipu naisukuma kwa ukucha." Nikamwonyesha kidole gumba, ukucha umepasuka katikati. "Hapo nje kuna pikipiki nne zenye kadi zangu. Chagua mwenyewe. Ukikuta jino hata moja, nipe hiyo barua nami nitakushukuru."

Nilisema hivyo kama mtu mwenye uhakika. Sikuwa nao. Sikujua Msimamizi ameshafungua ngapi nyuma yangu.

Akachagua ya kwanza. Mkato wa pili, safi. Ya pili, safi. Ya tatu fundi alipoitoa sindano nilifumba macho.

"Safi," akasema.

Ya nne, kadi yangu ilisema mbili. Klipu ilikuwa mkato wa kwanza, na shaba imeng'atwa. Nikanyoosha mkono kuipokea barua. Hapo yule fundi aliyekuwa anafungua akasema polepole, anaitazama sakafu, "Hii alifungua Msimamizi mwenyewe. Ijumaa. Nilimshikia tochi. Ile ya Bwana Mifugo pia."

Nilimtazama Msimamizi mkono ukienda mfuko wa nyuma, kisha ukarudi mtupu.

Mnadhani alifukuzwa? Meneja aliikunja ile barua, akasema tuseme ni hitilafu ya karakana, sote tuwe waangalifu. Akataka nitie sahihi karatasi inayosema hivyo. Na kwa kuwa nina mtoto mdogo, nihamie stoo, kazi nyepesi. Nikamwambia, "Ndugu Meneja, karakana haina vidole." Nikamshusha Atu, nikavua ovaroli palepale, nikabaki na khanga. Sikutia sahihi.

Huko ndiko kustaafu kwangu. Hakuna aliyenipa saa ya ukutani. Nina benchi mbele ya nyumba yetu Ipogolo, kitambaa cheupe na kidole gumba. Msimamizi bado ni Msimamizi. Ninapopita pale namsikia akiwapigia mafundi kelele.

Mwezi uliopita alikuja mtu anakokota pikipiki, anachechemea. Bwana Mifugo.

"Kamwene, mama. Wamenipa nyingine."

"Unakwenda wapi?"

"Pawaga." Akaugusa ule mguu. "Sijashuka toka siku ile. Usiku sikulala."

Nikaitoa sindano, nikasukuma klipu: tik. Kabla ya kuirudisha nikamwekea kiganjani, kama nilivyowekewa mimi. Akaigeuza juani muda mrefu, akahesabu toka juu kwa ukucha, akapapasa pale kwenye klipu.

"Wa tatu," akasema. "Haina meno."

Nikaifunga mbele yake. Akapanda, akapiga teke, injini ikaitika, akashika njia ya bondeni.