Mama Mkwe, Maikrowevu na Sahani ya Harusi

Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Kigoma, na ugonjwa wangu ni kueleza. Mke wangu ananijua. Siku kaka yake alipomletea mama yao maikrowevu kule Ujiji, mke wangu aliniomba nisiende. Nilikwenda, naye akanifuata.

Mama mkwe alikuwa ameiweka mezani, ameifunika kitambaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Haya niambie, hili linapikaje bila moto?"

Nikakohoa kidogo. Nikamweleza kwamba ndani mna kitu kinaitwa magnetroni. Waya uliopata moto unarusha elektroni, sumaku inazizungusha, nazo zikipita kwenye midomo ya vijitundu vya shaba zinavivumisha, kama mtu anavyopuliza mdomo wa chupa. Mvumo huo ndio mawimbi. Yanaingia sandukuni, yanagonga kuta za chuma na kurudi, yanatikisa maji yaliyomo kwenye chakula mpaka kinapata moto.

"Na huu mlango mbona una matundu? Hayatoki?" Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe, maana alikulia kwenye nyavu. "Aa. Ni tundu la kupita dagaa. Mgebuka ni mkubwa, hapiti."

"Hasa, mama! Wimbi lina kama sentimita kumi na mbili. Wimbi la mwanga ni dogo mno, linapita, ndiyo maana tunaona ndani."

Furaha ya kupata mwanafunzi wa namna hiyo ilinilevya. Nikanyakua sahani ya pilau iliyokuwa karibu, nikaiingiza, nikabonyeza. Sahani ilikuwa na ukingo wa dhahabu. Cheche zikalia kama mafuta ya kukaangia, nami nikapiga kelele na kujificha nyuma ya mke wangu. Mama mkwe ndiye aliyechomoa waya ukutani.

Sahani ilikuwa ya harusi yake. Ukingo ulikuwa mweusi upande mmoja.

Nikasema kwa sauti ndogo kwamba ile dhahabu ni metali, mawimbi yanausukuma umeme ndani yake, na umeme ukikuta ufa unaruka.

"Hayo uliyajua kabla?"

"Niliyajua, mama."

Akacheka mpaka akatafuta kiti.

Wiki iliyofuata akanipigia simu. "Mkwe, njoo. Hili sanduku linabagua."

Wali ulikuwa unaunguza upande mmoja, upande wa pili baridi. Kumbe alikiosha kile kioo kinachozunguka, hakukirudisha. Nikamwambia mawimbi yakikutana humo ndani, mahali pengine yanaongezana nguvu, pengine yanafutana; ndiyo maana kioo huzungusha chakula. Hakutosheka na maneno. Akapaka siagi kwenye chapati iliyolala, akaiweka pale pale bila kioo. Siagi ikayeyuka kwa madoa. Nikapima kwa rula: doa hadi doa, sentimita sita.

"Nusu ya wimbi lako," akasema, kabla sijafungua mdomo.

Akaikata chapati. Penye moto akala yeye, penye baridi akanipa mimi.