Jiwe la Gurudumu la Mbele

Kaka wa mke wangu alikuwa na neno lake moja kuhusu udereva wa basi, na alipenda kulisema nyumbani kwangu, kwenye mkeka wangu, huku anakula wali wangu. "Shemeji, ile si kazi. Ile ni kukaa." Halafu anacheka. Mke wangu naye anacheka kidogo kwa adabu, na mimi nacheka nao huku moyoni nachemka, maana huwezi kumfukuza shemeji yako akiwa na tonge mkononi.

Yeye alikuwa na duka la jumla la khanga na vitenge pale Kariakoo. Walitoka Kilimanjaro, yeye na dada yake, na biashara aliijua kwelikweli. Ilikuwa ile miaka ya baada ya vita, sukari ya kubahatisha, sabuni ya kubahatisha, na rafu zake zilikuwa nusu tupu kama za wenzake wote. Hata hivyo alihitaji mtu wa kuaminika wa kusimama nyuma ya kaunta, na mtu huyo alitaka niwe mimi. Jumamosi moja jioni angekuja kula, na angeondoka na jibu langu. Kama ni hapana, nafasi angempa mwingine.

Mke wangu alitaka niseme ndiyo, na hakunificha. Si kwamba alitamani utajiri. Alikuwa na woga. Mtaa wa jirani kulikuwa na dereva aliyemgonga mpita njia, na watu wakamshusha garini wakampiga mpaka akalazwa. Tangu siku ile, nikichelewa kurudi namkuta amesimama mlangoni. Ananitazama miguu kwanza, halafu uso, ndipo anauliza: "Basi lako linaendaje?" Nami namjibu: "Linaenda vizuri tu, mama. Halina neno."

Lilikuwa na maneno mengi. Stata ilikufa zamani, na spea hakuna. Breki ya mkono ilikuwa pambo, inashika kidogo halafu inateleza. Breki ya mguu ilifanya kazi injini ikiwa inanguruma, maana ilitegemea upepo. Ukizima, upepo unavuja wote kabla hujamaliza kikombe cha chai. Na kuzima ilikuwa amri, kwa sababu dizeli nayo ilikuwa ya kugombania. Kila asubuhi nilimweleza fundi karakana, fundi akamweleza mkuu wake, mkuu wake akatazama dari. Basi tukajitengenezea utaratibu wetu. Tunaegesha makusudi ukingoni mwa Kariakoo, pale barabara inapoanza kuteremkia bonde la Msimbazi, uso wa basi ukitazama chini. Kondakta anaruka na jiwe, analikandamiza mbele ya gurudumu la mbele. Saa ya kuondoka anachomoa jiwe, basi linaanza kubingirika, mimi natia gia ya pili na kuachia klachi, injini inaamka kwa kukohoa, na tunaondoka. Kila siku, kila safari.

Jiwe lenyewe lilikuwa pande la zege kutoka kwenye karakana za Gerezani. Kondakta wangu, mtu mzima mwenye mke na watoto, alilifunga waya nene likawa na mkono kama wa ndoo, ili alichomoe bila kuhatarisha vidole. Alijivunia waya ule kuliko sare yake.

Sasa lazima niseme habari ya mawe, maana vijana wa leo hawataelewa. Miaka ile kila kitu kilikuwa na foleni, na hakuna aliyeweza kusimama kutwa nzima. Kwa hiyo unaweka jiwe mahali pako, unakwenda kwenye shughuli zako, na jiwe linakushikia zamu. Watu waliyaheshimu mawe yale. Jiwe la mtu halirukwi wala halisukumwi, na mwenye jiwe akirudi anapishwa. Ikafika mahali Kariakoo nzima mawe yakaadimika. Unatafuta sukari hakuna, unatafuta na jiwe la kungojea sukari, nalo hakuna.

Jumamosi ile nilikuwa na hasira tangu alfajiri. Nilimjua shemeji yangu, nilijua angeanza na lile neno lake, na nilijua pia kwamba safari hii ningenyamaza, kwa sababu nilikwisha kuamua kukubali. Ndiyo. Nilichoka kusema uongo mlangoni kwangu. Nilijiambia nimalize siku, nirudishe basi, nikauze khanga.

Tulifika mwisho wa njia kabla ya adhuhuri, tukaegesha kama kawaida, kondakta akatia jiwe. Chini yetu, upande wa kushoto, duka la ushirika lilikuwa limeanza kugawa sukari, na foleni ilipanda ukingo wa barabara kutufuata, watu na mawe, mawe na watu. Nilivuka barabara kwenda kunywa chai ya rangi kwa mama mmoja mwenye banda. Abiria walikuwa wanapanda. Kondakta alikuwa mlango wa nyuma anagombana na mtu mwenye kuku.

Nilikuwa nimeshika kikombe nikaona dirisha la basi langu linasogea.

Kwanza nilidhani ni mimi, kwamba kichwa kinanizunguka kwa njaa. Kisha nikasikia mwanamke anapiga yowe. Nilitupa kikombe. Sikumbuki kuvuka barabara. Nakumbuka nimeng'ang'ania mlango wa dereva, mguu mmoja unaburuzika, na kioo cha mbele kimejaa watu wa foleni waliokuwa bado wanatupa mgongo, wanazungumza, makapu kichwani. Hakuna aliyekuwa amegeuka. Nilijivuta ndani, nikakanyaga breki. Pedali ikazama mpaka sakafuni. Upepo ulikuwa umekwisha.

Niliogopa. Mkojo ulinitoka kidogo, naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nikatia gia ya pili, nikaachia klachi kwa nguvu, basi likaruka na kunguruma, abiria wakaangukiana, mwendo ukapungua lakini haukuisha. Ndipo watu wakageuka. Niliona nyuso zao zote. Nikazungusha usukani kwa mikono miwili na tumbo, nikaliingiza basi kwenye magunia ya mkaa ya muuzaji aliyekuwa juu kidogo ya foleni. Gunia la kwanza likapasuka, la pili likapasuka, na basi likasimama, limekabwa na mkaa, karibu na foleni kiasi kwamba mzee aliyekuwa wa mwisho aliweka kiganja chake kwenye boneti akajiegemeza.

Hakuumia mtu. Nasema sasa kwa urahisi, lakini wakati ule ilikuwa lazima nishuke, na kushuka ndiko kulikokuwa kugumu. Vumbi la mkaa lilikuwa limetanda. Ndani yake nikasikia: "Dereva yuko wapi? Mtoeni!" Nilimkumbuka yule wa mtaa wa jirani. Nikashuka.

Kilichoniokoa ni kwamba mkaguzi wa mabasi alikuwa pale kituoni, na alifika kabla ya makonde. Alikuwa mtu wa sauti kubwa, kalamu mfukoni. Hakunishika mimi. Alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu, akainama, akainuka, akamkamata kondakta kola.

"Jiwe liko wapi?"

"Nimeweka, ndugu mkaguzi. Wallahi nimeweka."

"Liko wapi basi? Limeota miguu? Huu ni uhujumu. Mali ya umma hii, na watu wa umma hawa! Unakwenda polisi leo, wewe na dereva wako. Kazi zenu zimekwisha."

"Nimeweka! Kaka, waambie!" Kondakta alinigeukia, na machozi yalikuwa yanamchirizika kwenye vumbi la mkaa.

Nilifungua mdomo niseme ameweka, nimemwona kwa macho yangu. Hapo hapo nikaliona jiwe. Lilikuwa kwenye foleni, limekaa kwa adabu kati ya tofali na kopo, waya wake umesimama juu. Na kando yake, kapu mkononi, khanga imemteleza begani, alisimama mke wangu.

Alikuwa ananitazama. Nilielewa yote kwa mara moja, kama ambavyo mtu anaelewa habari mbaya kabla haijasemwa. Alikuja kutafuta sukari ya chai ya kaka yake. Alihitaji jiwe, akaona jiwe, tena lenye mkono wa kubebea. Hakujua basi ni langu, maana yote yalikuwa rangi moja na mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara. Hata angejua ni langu angelichukua, kwa nini asilichukue? Basi linaenda vizuri tu. Halina neno.

Ningesema "lile pale", watu wale wenye hasira wangemgeukia yeye. Nisingesema, kondakta anakwenda ndani. Nilisimama nimeuma meno, na kwa kweli nilimwonea mke wangu hasira kuliko nilivyowahi kumwonea mtu. Maana yeye pia alikuwa na hesabu yake, na niliisoma usoni mwake. Akinyamaza, ananipata. Nafukuzwa kazi siku hiyo hiyo, na jioni nakwenda dukani kwa kaka yake bila ubishi, mzima, mifupa yote mahali pake. Sukari yake atachukua. Hakuna aliyemwona. Kila alichokuwa anakiomba Mungu kilikuwa kinangoja anyamaze tu.

Mkaguzi akaanza kumburuza kondakta.

"Mwache huyo," mke wangu akasema. Sauti haikutoka vizuri, akarudia. "Mwache, baba. Jiwe nimechukua mimi." Akaliinua kwa waya, akatoka nalo kwenye foleni mbele ya watu wote.

Halafu kelele. "Mwanamke una wazimu wewe!" "Ungetuua!" Mkaguzi alimwachia kondakta akamsogelea mke wangu.

"Kwa nini unatoa jiwe kwenye gari la watu, mama? Hujui kazi yake?"

"Kazi yake ningejuaje? Mimi nimedhani basi lina breki." Kisha akaninyooshea mkono. "Yule dereva ni mume wangu. Kila siku namuuliza, kila siku ananambia basi ni zima. Kumbe mmelizuia kwa jiwe!"

Zile kelele hazikutulia, ziligeuka tu. Yule mzee wa kwenye boneti ndiye aliyeanza: "Kweli, ndugu mkaguzi. Hivi mnatupakia kwenye basi lisilo na breki?" Wakamzunguka. Alitazama kushoto, alitazama kulia. Alijua, na karakana walijua, na alijua kwamba ninajua anajua. Sauti yake kubwa sikuisikia tena. Aliniambia karibu kwa kunong'ona, "Pakia, ondoka. Ondoka upesi." Habari ya kituo cha polisi ikafa hapo. Mkaa nililipia mimi na kondakta, lakini hilo si neno.

Watu walilisukuma basi kutoka kwenye magunia wakilaani. Na walewale waliokuwa wanalaani, lilipokaa sawa, walipanda. Wangepanda nini kingine? Kondakta alichukua jiwe mkononi mwa mke wangu, akasema "Ahsante, shemeji," akakimbia kulitia mbele ya gurudumu. Foleni ilikuwa imekwisha kujaza lile pengo la mke wangu. Yeye alitazama mahali pale pa sukari, akatazama basi, akapanda akakaa kiti cha nyuma yangu. Kabla ya siku ile hakuwahi kupanda basi ninaloendesha mimi.

Jiwe likachomolewa, tukabingirika, nikaachia klachi, injini ikaamka. Nilimsikia nyuma yangu akivuta pumzi, asiishushe. Kwenye mteremko wa Jangwani alishika mgongo wa kiti changu, na shati langu lilivutika mabegani njia nzima. Daraja, baiskeli, mkokoteni wa maji uliokatiza bila kutazama, lori la bandarini lililonibana ukingoni. Nilipeleka polepole, nikisikiliza breki kwa unyayo kama nilivyozoea. Tulifika mwisho wa pili wa njia. Abiria walishuka, mmoja mmoja, wakisema ahsante dereva, kama watu wanavyosema, bila kufikiri. Mama mmoja alishuka na mtoto amelala mgongoni, na mtoto hakuamka hata mama yake alipokanyaga chini.

Mke wangu hakushuka. Kondakta alikwenda kuweka jiwe, nami nikageuka.

"Kila siku?" aliniuliza.

"Kila siku."

"Na hawa wote wanafika."

"Mpaka leo wanafika."

Alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akajifuta kwa pindo la khanga. Nilimwambia nimeshaamua, jioni nitamkubalia kaka yake, asiwe na wasiwasi tena. Nilidhani atafurahi. Alitazama nje, ambako watu wengine walikuwa wameanza kujipanga mlangoni, na mbele yao kijana mmoja alikuwa amemshika mkono baba yake kipofu.

"Ukiondoka wewe, basi hili watalipaki?" akauliza.

"Hawawezi kulipaki. Watampa mwingine."

"Anayejua kuliendesha hivi?"

Nilifikiri nimjibu uongo mmoja wa mwisho. "Hapana," nikasema.

Abiria walipanda wakajaza viti, kipofu akakalishwa karibu naye, na alijisogeza kumpa nafasi. "Basi kaka nitamwambia mimi," akasema. "Endesha." Na alikaa pale pale nyuma yangu mpaka jua likazama, kwenda na kurudi, na kila nilipokanyaga breki nilimsikia naye akikanyaga sakafu.