Tobias Asiegeshe

Mektilda, ambaye Mbinga nzima humwita Mama Glorious, ana maradhi mamoja: hawezi kusema "sijui". Umeme alijifunza kwa marehemu baba yake, aliyekuwa akitengeneza redio pale Kigonsera, na kwa miaka kumi na miwili kibanda chake hakijamfukuza mteja. Vijana wa mgodi wa Ngaka humletea honi za kushtua wafu, bodaboda humletea taa za kupofusha watu, naye huwafungia wote huku akiwasema. Fundi hodari, hilo halina ubishi. Ila hayo maradhi hayajapata dawa.

Ndiyo yaliyomponza kwa Tobias. Tobias hubeba petroli kwenye madumu kuwapelekea wavuvi wa Mbamba Bay, kazi ambayo hata mkewe haipendi. Kwa sababu ya ukungu wa milimani alitaka taa mbili za ziada mbele. Mektilda akamfungia. Safari ya kwanza tu, fyuzi ikakatika. Mektilda akaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, akapima waya wote kwa testa, akakuta kila kitu kizima. Akaweka fyuzi nyingine. Ikakatika. Akaweka ya tatu, nayo ikakatikia njiani kama wenzake.

"Mama Glorious," Tobias akasema jana jioni, mbele ya watu, kwa upole wake wote, "labda niipeleke kwa yule fundi wa Songea?"

Hapo shetani akampitia. Alichomoa fyuzi, akaweka kipande cha waya wa shaba mahali pake, akafunika haraka. "Haitakatika tena," akasema. Tobias akamshukuru sana.

Leo saa mbili asubuhi Tobias alipita na madumu manne nyuma, akampungia mkono. Nusu saa baadaye mwalimu Pankras akaleta pikipiki yake afungiwe taa kama zile. Akaiegesha kwa stendi ya pembeni, akakata usukani wote kushoto, akamwachia fundi ufunguo, akaenda kunywa chai. Mektilda akainama kutafuta pa kupitishia waya, na palepale akaliona kosa lake. Usukani ukikatwa kushoto mpaka mwisho, chuma hukutana na chuma pale shingoni mwa pikipiki, na kwa Tobias waya wa taa kutoka kwenye betri aliupitisha katikati ya hivyo vyuma viwili.

Yeye alikuwa akipima usukani ukiwa umenyooka. Nyumbani kwa Tobias nako pikipiki hulala ukumbini kwenye stendi kubwa, maana nafasi ni finyu. Ni njiani tu, alipoegesha kwa stendi ya pembeni na kukata usukani kushoto, ndipo waya ulipobanwa na kupiga shoti. Fyuzi zilikuwa zikikatika ili zimwokoe, naye kaziondoa. Sasa waya ungeungua wenyewe chini ya tangi, na petroli yote ile mgongoni mwa mtu. Tobias alikuwa salama mradi tu asiegeshe.

Akampigia simu. Ikaita mara moja, mara mbili, ndipo akakumbuka. Tobias si mtu wa kuongea na simu huku anaendesha. Angesimama, angeegesha vizuri, ndipo aseme haloo. Mektilda akaikata simu, akarukia pikipiki ya mwalimu bila hata kuaga.

Alizikata kona za mashamba ya kahawa kama mwizi anayekimbizwa, akiogopa kuona moshi kila baada ya kona. Alisali, akajitukana, akasali tena. Kwenye mteremko mrefu akayaona madumu. Akamfikia ubavuni.

"Usisimame! Tobias, endelea kwenda!"

Upepo ulikula maneno. Tobias alichoona ni fundi wake, mtu mzima, kaja mbio mpaka huku. Kwa adabu yake akapunguza mwendo, akatoka pembeni, akashusha stendi.

"Shikamoo, Mama Glorious," akasema, na mkono wake ukaukata usukani kushoto.

Moshi ukatoka chini ya tangi. Mektilda aliiacha pikipiki ya mwalimu ikianguka barabarani, akaushika usukani akaunyoosha kwa nguvu, akang'oa kifuniko cha betri na kuuvuta ule waya wa shaba kwa vidole vitupu. Ngozi ya vidole ikabaki kwenye waya. Moshi ukapungua, ukaisha.

Tobias alikuwa amekaa chini kwenye majani bila kujua amekaaje. "Mungu akubariki, mama. Umeniokoa."

"Sijakuokoa," Mektilda akasema. Machozi yalimtoka, na hayakuwa ya vidole. "Ni mimi niliyetaka kukuua. Tatizo sikulijua, nikaona aibu kusema. Nikakuwekea waya badala ya fyuzi."

"Nilikuona ukiweka." Tobias alimtazama kwa mshangao. "Nikadhani ndio utaalamu. Nathanieli, mwenzangu wa madumu, naye zilikuwa zinamkatikia. Taa zake nilimfungia mwenyewe kwa kuangalizia zangu, waya nikaupitisha palepale. Jana usiku nikamwekea na shaba kama yako."

"Nathanieli yuko wapi?"

"Ametangulia. Ana madumu sita."

Mektilda aliinua pikipiki ya mwalimu kwa mkono mmoja uliobaki mzima, akaiwasha, akashika njia ya Mbamba Bay.