Mwatumu wa Nyuma ya Pazia

Watu wa Tanga waliokuwa vijana miaka ya sabini wanamkumbuka Othman Kodiani. Alikuwa mchekeshaji wa kikundi cha maonyesho kilichozunguka Muheza, Korogwe mpaka Lushoto na sarakasi zake, mazingaombwe na vichekesho. Othman alitokea amevaa suruali ya kumpwaya, kodiani kifuani, akaivuta na kuisukuma huku anajikwaa, anaanguka, hata analala chali, na muziki usikatike. Watu wakaulizana, mtu huyu ana mikono mingapi?

Alikuwa nayo miwili kama wengine, na yote miwili haikujua kupiga kitu. Mpigaji alikuwa mkewe, Mwatumu, aliyeketi nyuma ya pazia. Baba yake Mwatumu ndiye aliyemfundisha kodiani, na alimkubalia kujiunga na kikundi mradi asionekane jukwaani. Basi Mwatumu akawa anachungulia kwenye tundu la pazia, akimfuata mumewe hatua kwa hatua. Othman akiteleza, kodiani inalia, akiinuka, inacheka. Makofi yote yakaenda kwa Othman.

Kikundi kilivunjika, baba yake Mwatumu akafariki, kodiani ikauzwa. Wakahamia Marekani, wakapanga nyumba kwenye mji mdogo wa Adelphi. Othman aliendesha teksi, Mwatumu akapata kazi ya kufua kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Binti yao, Sundus, alikua akidhani wazazi wake hawajawahi kufanya kazi nyingine.

Mwaka 2004 Othman aliona kodiani kwenye dirisha la duka la mitumba, mji wa jirani wa Wheaton. Akainunua, akarudi na basi kaipakata kama mtoto mchanga. Mwatumu aliipangusa vumbi, akapitisha mabega kwenye mikanda, akavuta. Vidole vilikuwa vigumu, lakini vilikumbuka. Tangu hapo akawa anapiga kila Jumamosi mchana, na majirani wakazoea.

Mwaka uliofuata, Othman alikutana dukani na Silvanus, mzee wa Korogwe aliyekuja kuishi na wanawe. "Othman Kodiani! Kumbe uko hai!" Silvanus akapiga kelele katikati ya duka. Habari zikamfikia Mahfudha, Mswahili mwenzao wa huko Marekani, aliyekuwa anamwoza mwanawe Nabil. Akampigia Othman simu, akamwomba apige kwenye harusi, katika mji wa Columbia, si mbali na kwao. Othman akakubali pale pale.

"Utapiga nini, Baba Sundus?" Mwatumu aliuliza kwa hasira. "Au na ukumbi wa Columbia una pazia?"

"Wewe vaa upendeze tu."

Siku ya harusi, baada ya chakula cha mchana, Silvanus alishika kipaza sauti akamsifu Othman mpaka pumzi ikamwishia. Othman akapanda jukwaani na kodiani yake.

"Ndugu zangu," alisema, "mimi tangu nizaliwe sijapiga hata wimbo mmoja."

Ukumbi ukaangua kicheko.

"Hiki si kichekesho. Mliyemsikia Tanga yote ni yule pale, mwenye mtandio wa kijani. Mke wangu, Mwatumu binti Saidi. Makofi yake nimeyapokea mimi miaka mingi. Leo mpeni mwenyewe."

Mwatumu alibaki amekaa. Mahfudha akamgusa bega. "Nenda, dada. Watu wanakungoja."

Akainuka. Alitembea bila haraka, kichwa juu, kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Othman akamvisha kodiani, akamfungia mikanda. Mwatumu alipiga wimbo wa kwanza, wa pili, kisha ule wa kuanguka na kuinuka, na Othman, pamoja na magoti yake mabovu, akacheza akimfuata yeye. Wanawake walipiga vigelegele mpaka bibi harusi akasahauliwa kwa muda.

Alipomaliza, Sundus alipenya kati ya watu, akamuuliza kwa Kiingereza kama kweli ni yeye siku zote hizo.

"Ni mimi," mama yake akajibu. "Ulidhani nani?"

Silvanus naye alikuja, macho yamelowa. "Mama, nilikupigia makofi bila kukujua."

"Nilikuwa nayasikia," Mwatumu alisema. "Nilijua ni yangu."

Baada ya harusi ile aliitwa kwingi. Kwa Wakikuyu wa Wheaton, ambao wazee wao nao walicheza kwa kodiani, walikataa ashuke jukwaani. Na mtu akimuuliza anafanya kazi gani, Mwatumu hujibu: "Mimi ni mpiga kodiani. Na nguo pia nafua."